Kikombe cha Mwisho cha Bibi Naramtani

Mheshimiwa Mkuu wa Mji wetu wa Kutha. Waheshimiwa makuhani wa Bwana Nergal, mfalme wa nchi ya chini, ambaye sisi watu wa hapa tumezoea kuishi naye kama jirani. Wazee wa Mtaa wa Wafinyanzi. Ndugu wageni mliotoka Sippar na Kishi, ambao tangu asubuhi mnajikaza msionyeshe woga. Mama zangu, wifi zangu, wateja wangu wote, mliokwisha kunywa na ambao bado. Na ninyi wapendwa wetu mliolala chini ya sakafu za nyumba zetu, ambao leo ni siku yenu, kwa kuwa mwezi umejificha na mnasikia kila neno: amani iwe kwenu nyote, wa juu na wa chini.

Mmenipa mimi Humtani, mpika pombe, heshima ya kusema maneno ya kumuaga Bibi Naramtani. Najua wapo waliotaka mtu mwenye ulimi laini zaidi. Shemeji yangu Apil-ilishu, yule pale mbele mwenye ndevu zilizopakwa mafuta, aliuliza kwenye kikao, "Humtani? Huyo atamaliza kabla mwezi mpya haujaandama?" Shemeji, kaa vizuri. Na wewe umo katika maneno haya.

Ndugu wageni waalikwa, kila mtu hapa anaijua kazi ambayo Bibi Naramtani anaiacha leo, lakini ni wangapi tumewahi kukaa tukaifikiria? Kumwagia wafu maji ni kazi ya mtoto wa kiume wa kwanza. Yeye ndiye husimama uani penye bomba la udongo lililozama ardhini, akaita majina ya baba na babu na mama zao, akamwaga maji baridi na pombe kidogo, ili walioko kule wapate kunywa. Maana kule tunakujua. Kuna malango saba, na kila lango unavuliwa kitu. Ukishaingia, chakula ni vumbi, kinywaji ni tope, na hakuna taa. Aliye na mtu wa kumwita huku juu hupata maji safi. Asiye naye hupanda akitafuta, na huingia masikioni mwa watu, yakalia usiku na mchana.

Sasa, mwaka ule jeshi la mfalme lilipopita hapa likachukua wanaume wa mtaa huu, nyumba baada ya nyumba, nani alibaki wa kuita? Walibaki wajane, watoto wanaonyonya, na wazee wasiokumbuka hata majina yao wenyewe. Ndipo mjane mmoja wa mfinyanzi, ambaye hakuwa na cheo wala mtoto, alichukua kikombe chake akaanza kubisha mlango kwa mlango. "Hodi humu. Nani kwenu hajanywa?" Miaka thelathini, waheshimiwa. Kila mwisho wa mwezi, jua kali au tope hadi magotini, "Hodi humu. Nani kwenu hajanywa?"

Na msidhani alikuwa mpole kwa wafu kuliko alivyo kwetu. Nimemsikia kwa masikio yangu akimkemea marehemu mfua shaba wa pale kona: "Babu, pole pole! Wenzako nyuma wanasubiri." Kwa wale mume na mke waliogombana miaka arobaini, kisha wakazikwa chini ya sakafu moja, humwaga kwanza upande wa kushoto, halafu anazunguka bomba lote, kwa magoti yale yale mabovu, amwage upande wa kulia. Nikamuuliza kwa nini asimwage mara moja akaenda zake. Akasema, "Ili wapigane hapo chini, kosa liwe langu?" Mlinzi wa lango la kwanza, siku utakapofika kwake ewe Bibi, na siku hiyo na iwe mbali, atakuambia uvue kitambaa cha kichwa. Namwonea huruma.

Lakini sikusimama hapa kuchekesha tu. Bibi Naramtani, unanikonyeza ninyamaze, nimekuona. Sitanyamaza. Kuna jambo umenitendea nami nikalificha, na leo mtaa wote utalijua.

Mnamkumbuka mwanangu Ipqatum. Wengine mlikuwa wadogo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, masikio makubwa, na alikuwa na tabia moja iliyonitia aibu mimi mama yake ninayeishi kwa kupika pombe: alikuwa akitia asali ya tende kwenye kikombe chake. Mbele ya wateja! Anakaa, anachovya mrija, anakunja uso, halafu anasema, "Mama, pombe yako nzuri sana, ila inataka kurekebishwa kidogo." Nami namjibu, "Nenda karekebishe ya mama mwingine!" Watu wanacheka. Anarekebisha, anakunywa.

Jeshi lilipopita mara ya pili, miaka kumi na moja iliyopita, lilimchukua. Waliorudi walirudi. Mmoja aliniambia amemwona akizama walipovuka mto huko kaskazini. Wa pili akaniambia hapana, alimwona jioni ile ile, ng'ambo, akiota moto. Wa tatu akasema yule wa moto alikuwa mtu mwingine. Basi. Hizo ndizo habari zote za mwanangu nilizo nazo hadi leo.

Enyi akina mama, mngefanya nini? Nikimwita penye bomba, nimemzika kwa kinywa changu, naye huenda anatembea mahali fulani na masikio yake yale. Nisipomwita, na kama alikufa, basi amekaa gizani akilamba vumbi, wenzake wanaitwa mmoja mmoja kunywa, yeye anasikiliza jina lake na halitajwi. Mwaka wa kwanza sikumwita. Wa pili sikumwita. Mwaka wa tatu, siku ya ukoo wetu, tumesimama uani, shemeji yangu huyu huyu, baada ya kuwaita wote, akavuta pumzi, akasema, "Na Ipqatum."

Nilimpiga kwa chujio la pombe. Mlisikia wote, msijifanye. Nikamnyang'anya kikombe, kikombe cha baba yake mzazi, nikakipasua ukutani. Nikapiga kelele, "Unamuua mwanangu!" Naye, damu inamtoka kwenye nyusi, akapiga kelele, "Namnywesha, Humtani! Namnywesha! Unataka afe kwa kiu mara ya pili?"

Tangu hapo hatukusemezana miaka miwili. Na masikio yangu yakaanza kulia. Kama nzi ndani ya mtungi, mchana kutwa. Mganga akaja, akaniangalia, akasema waziwazi: kuna mfu mwenye kiu, hana wa kumwita. Nikamfukuza. Akaacha dawa yake mlangoni, nikaipaka kwa hasira tu. Baada ya miezi miwili masikio yakatulia, nikamtangaza mganga yule mji mzima, na mtungi wa pombe nikampelekea. Ndugu mganga, uko wapi? Nisamehe kwa nitakayosema sasa.

Miaka minne iliyopita, siku kama ya leo, magoti ya Bibi Naramtani yaligoma. Akaniambia, "Humtani, nishike kiwiko, tuzunguke." Tukazunguka. Nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, bila kukosea hata moja. Tulipomaliza nyumba ya mwisho nikageuka kurudi, yeye hakugeuka. Akaniambia, "Bado mmoja." Akajaza kikombe. Akatoa kwenye mshipi wake kichupa kidogo cha udongo, akakiinamisha juu ya kikombe, kikatoka kitu cheusi, kizito, taratibu. Kisha akamwaga penye bomba, akasema kwa sauti ya chini, "Na wewe ambaye huitwi. Wewe uliyekwenda na jeshi, njia ikakupotea. Kama uko huko chini, kunywa. Kama hupo, mwachie jirani, nasi tutafurahi."

Nikamuuliza, "Bibi, hicho kichupani ni nini?"

"Asali ya tende."

"Ya nini?"

Hakunitazama. Akasema, "Wengine wanapenda tamu."

Ni nani katika mtaa huu, katika mji huu, waheshimiwa, aliyekuwa akitia asali ya tende kwenye pombe? Nilimshika kiwiko hadi nyumbani kwake, nikijizuia nisiangue kilio barabarani. Kumbe miaka yote ile mwanamke huyu amemnywesha mwanangu bila kumzika. Hakumtaja jina, asije akaniua mimi. Hakumwacha, asije akafa kiu yeye. Alimtafutia nafasi ndogo katikati, na akaitia asali.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwake na mtungi mdogo. Nikasema, "Bibi, nadhani asali yako inaisha." Akasema, "Inaisha kweli." Basi hivyo. Miaka minne, kila mwezi, ndiyo mazungumzo yetu yote juu ya jambo hilo. "Asali yako inaisha." "Inaisha kweli." Sijawahi kupendwa na mtu yeyote kwa maneno machache kiasi hicho.

Sasa kazi anaipokea Shat-Aya, binti wa kaka yake. Mwanangu Shat-Aya, tunakupenda na tunakuamini. Mwandishi amekuandikia majina yote kwenye bamba la udongo, nyumba kwa nyumba, na nasikia unayakariri hata ukisaga shayiri. Lakini niliposomewa bamba lile nilishtuka. Linaishia nyumba ya mwisho. Kikombe cha mwisho hakimo, kwa sababu hakikuwahi kuwa na jina.

Siku kumi zilizopita nilikwenda kwa Bibi. Nikamwambia, "Bibi, ukiacha, naye je?"

Akasema, "Naye nani?"

"Bibi, usinifanyie hivyo."

Akasugua magoti yake. Halafu akasema, "Humtani, mimi si wa siku nyingi. Nikifika kule nitamtafuta, lango kwa lango. Nitamjua kwa masikio. Nikimpata, nitamwambia mama yako ni mbishi ila asali ni yake. Nikimkosa, nitakuja ndotoni kukuambia kuwa hayuko, nawe uchinje kondoo."

Nikalia. Nikamwambia, "Nami nifanye nini hadi siku hiyo?"

Akasema, "Wewe ni mama. Umewahi kumwita mtoto akafa kwa kuitwa?"

Nimelala na swali hilo siku kumi. Nilimwita kutoka mtoni alipokuwa mdogo, akaja. Nilimwita kutoka juu ya dari, akashuka, akashika sikio lake mwenyewe kabla sijalishika mimi. Maelfu ya mara nimemwita kwa sauti kubwa na hakuna hata mara moja iliyomdhuru. Vipi basi nimeogopa jina lake miaka kumi na moja?

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mkuu wa Mji, naomba mbele yako na mbele ya makuhani, bamba liongezwe mstari. Shat-Aya, baada ya nyumba ya mwisho, jaza kikombe, tia asali, mwite Ipqatum, mwana wa Humtani. Lakini maneno ya Bibi usiyapunguze hata moja: kama hupo, mwachie jirani. Maana yuko mama mwingine huko kaskazini ambaye mwanawe alipita hapa kwetu na jeshi na hakurudi. Nataka kuamini kwamba huko kwao pia yupo bibi mwenye magoti mabovu anayembakizia wangu kidogo.

Shemeji Apil-ilishu, simama. Simama, sina chujio leo. Ulikuwa na haki, nami nilikuwa na haki, na wewe ndiye uliyetoka damu. Hiki ni kikombe kipya, nimekifinyanga mwenyewe, ndiyo maana kimepinda. Kishike, uje unisaidie kumwaga.

Bibi Naramtani, hatuna zawadi ya kukutosha. Tumekutengenezea kiti kile, uani kwangu, penye kivuli, karibu na mitungi. Kaa hapo kila siku. Na siku utakapotutangulia, mtaa mzima utakuita, kila nyumba, hadi uchoke kunywa. Hukuzaa, lakini hakuna mtu Kutha atakayeitwa na watoto wengi kuliko wewe.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Yangu yametulia siku nyingi, na sasa mnajua ni nani aliyeyatuliza. Naomba mnyamaze kidogo. Hata ninyi wa Sippar. Namwita mtoto.

Ipqatum! Ipqatum, mwanangu! Kama uko chini, sogea kwenye bomba, usisukumane na wazee. Kama uko juu, popote ulipo, na sikio lako linawasha sasa hivi, ni mama. Pombe nimeirekebisha. Njoo unywe.