Niliangukia Ofisini, Si Bafuni

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Ninaandika kwa mkono wa kushoto, mtanivumilia herufi. Huu wa kulia bado haujanyooka, na sitawadanganya kwamba umepona. Nina ushuhuda mwingine.

Mimi ni karani katika ofisi ya mnunuzi wa kahawa hapa Ngara. Kwetu Bugarama wananitania: "Wewe unakaa kivulini, sisi tunapalilia." Bosi naye alituambia makarani kwamba fidia ya kuumia kazini ni ya makuli na madereva. "Nyie kazi yenu kukaa. Mtaumia makalio?" Tukacheka. Hata mimi nilicheka!

Siku moja akanituma mafaili ya juu ya kabati. Ngazi hakuna. Nikapanda kiti changu cha magurudumu, kikakimbia, nikaangukia mkono. Mfupa ulilia, ndugu zangu, niliusikia!

Bosi akanipeleka hospitali Rulenge kwa gari lake. Nikasema moyoni, kumbe ana utu. Njiani akafungua mdomo: "Useme umeteleza bafuni kwako. Ukitaja ofisi, wakaguzi watakuja, nitafunga, na huyo mtoto wako atakula nini?"

Mwanangu bado ananyonya. Njia nzima hasira iliniuma kuliko mkono.

Daktari, mama mtu mzima, akaniuliza nimeumia wapi. Bosi akadakia, "Bafuni kwake, dokta. Ameteleza."

Daktari hakumtazama. "Baba, na mdomo wake umevunjika?"

Hapo ndipo Bwana alinishika! Nilifikiria nitambebaje mtoto kwa mkono mmoja, na bado nimfichie mtu uongo wake. Nikaita Yesu kimoyomoyo, nikasema kwa sauti, "Niliangukia ofisini, dokta. Nilikuwa kazini. Huyu ndiye aliyenituma."

Bosi akatoka bila kuaga.

Daktari akanieleza: fidia ni ya kila mwajiriwa, anayebeba magunia na anayechapa barua. Anayechangia mfuko wa fidia ni mwajiri. Mshahara wangu haukatwi hata senti. Bosi akazungusha wee kutoa taarifa ya ajali, mpaka nikaenda mwenyewe kwa afisa kazi, mama mkwe kambeba mtoto. Sasa matibabu yangu yanalipwa na mfuko wa fidia, na siku nilizolala nyumbani hatukukosa kula.

Dada mmoja wa jumuiya yetu aliniambia, "Ungemsamehe tu, ukanyamaza." Nimemsamehe, dada yangu. Kunyamaza ndiko nimekataa.

Jumatatu nilirudi kazini. "Shikamoo, bosi." Marahaba ilimtoka kwa shida. Nyuma yake, kando ya kabati, kuna ngazi mpya.

Asante Yesu! Na wewe uliyeumia kazini ukafundishwa uongo, usitishwe kwa chakula cha mtoto wako. Mtegemee Bwana, ufungue mdomo. Ukiulizwa umeumia wapi, pataje. Hatakuacha peke yako, mimi hakuniacha. Amina!