Ampli ya Fundi wa Magara

Rumonge, pale barabara inapoteremka kuelekea bandarini, kuna benchi ya mbao ambayo wenyeji wake hawajawahi kushindwa kujibu swali lolote tangu ipigiliwe misumari. Wenyewe wanaita kijiwe chao ligala. Sumaya huwauzia kahawa ya tangawizi na kusikiliza uongo wao bure. Asubuhi hiyo alikuwepo Leonsi, ambaye kila siku hutabiri upepo wa ziwa na kila siku hukosea, ndiyo maana anaitwa Météo. Alikuwepo Silvano, yaani Sukari Tatu, na hilo halihitaji maelezo. Katikati, magoti ameyapanua kama mwenye benchi, alikaa Kalume, ambaye wote humwita Kapita kwa sababu zamani aliongoza mtumbwi wa kuvua ndagala kwa taa, au ndivyo asemavyo yeye. Leo Kapita alikuwa na shughuli nzito. Ampli ya kwaya, ile mashine ya kukuza sauti, iliungua katikati ya wimbo wa Pasaka, na Émérance, kiongozi wa kwaya, alimtuma jana mpaka Magara kwa fundi Tadeo, mtu anayeunda ampli kwa mikono yake, zile za lampu za kioo kama za redio za wazee. Aitazame moja aliyokwisha kuiunda, alete jibu: tuichukue au tuiache. Akifanya kazi hiyo vizuri, atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha vyombo vya kwaya. Ufunguo huo Kapita alikuwa ameshautafutia hata mahali pa kuuning'iniza kiunoni.

— Tuambie basi, alisema Sukari Tatu. Huyo Tadeo iko mutu wa namna gani?

— Mutu mukubwa. Lakini mimi aliniona mukubwa zaidi. Nilipoingia tu, akasimama.

— Kwa heshima?

— Kiti kilikuwa kimoja.

Sumaya akacheka ndani ya birika. Kapita hakumjali, akaendelea.

— Chumba yake iko na mambo. Waya ya shaba anaizungusha kwa mukono, pole pole, kama mama anasuka mutoto nywele. Sanduku ameichonga mwenyewe, mbao nyekundu, ameisugua mpaka unaona meno yako. Juu yake lampu ine zimesimama, kioo kitupu, ndefu kama chupa ya dawa ya kikohozi. Na ndani ya kioo, musikie vizuri, hakuna hewa.

— Hakuna hewa?

— Hata ya kuzimia kibiriti.

— Sasa sauti inapumua namna gani? aliuliza Sukari Tatu.

Swali hilo Kapita hakuwa amejiuliza, lakini si mtu wa kuacha swali lipoe mikononi mwake.

— Inabana pumzi, kama muzamiaji. Ndiyo maana ikitoka inatoka na nguvu.

Météo akapiga paja.

— Basi nimeelewa. Juma lililopita nilisema upepo unakuja, haukuja, mukanicheka. Kumbe huyu fundi iko anaondoa hewa Magara nzima. Mimi sikukosea. Mimi niliibiwa.

— Achana na hewa, alisema Sukari Tatu. Mambo ni joto. Lampu zinapata moto, si ndiyo? Sauti ni kama mawese. Asubuhi ya baridi inaganda, unageuza chupa, hakuna kitu. Ukiipasha, inateremka laini. Kwaya yetu inaimba kumekucha, ndiyo sababu wale ba mama wa sauti ya kwanza inawagandia kooni.

— Na besi?

— Besi ni mashapo ya chini ya pipa. Hiyo hata ukiipasha.

Météo, ambaye aliwahi kufukuzwa kwenye besi, akainamia kahawa yake. Kapita akaona benchi inataka kumponyoka, akaongeza chumvi.

— Nyinyi munacheza. Zile lampu fundi alizitoa katika redio ya zamani ya mapadri. Zimesikia misa ya Kilatini mpaka zikakomaa. Alipoziwasha, nilimuona mbuzi wa jirani anapiga magoti.

— Mbuzi akitaka kulala anapiga magoti.

— Huyu alibaki hivyo mpaka amina.

— Haya, akakata Sumaya. Émérance iko anapanda huko chini. Jibu ni nini?

Kapita akashusha sauti, kama hakimu.

— Tuiache.

— Kwa nini tena?

— Lampu hazina mwanga. Mimi nimevua kwa taa, taa naijua. Nilizichungulia moja moja: wekundu kidogo tu, kama ncha ya sigara. Nikamuambia, fundi, kwa taa hizi hata ndagala kipofu hawezi kuja. Weka kubwa.

— Akasema nini?

— Alianza kufuta vioo na kitambaa. Mutu akishindwa, anafuta.

Hapo benchi nzima ilikubaliana. Kwenye ufukwe ule kila mtu anajua mtumbwi wenye taa hafifu unarudi na maji tu, na hakuna aliyeona kwa nini wimbo uwe tofauti na samaki. Météo akasema Jumapili wageni kutoka Nyanza-Lac watakuwa wengi kanisani, sauti ya ampli ile itaishia kwa walioketi mbele. Sukari Tatu akataka lampu ziwe sita. Kapita akasema kama angeachiwa yeye, angefunga taa nane za mtumbwi juu ya sanduku, na kwaya ikianza tu, Kalemie ng'ambo ya ziwa wangeitikia.

Émérance akafika, simu mkononi, nyuma yake msichana mmoja, Chanceline, aliyehamia juzi kutoka Kabezi na kuingia kwayani.

— Amahoro, ba papa. Kapita, fundi anangoja. Iko orkestra ya harusi inayoitaka, saa sita wanaichukua kama sisi tunakataa. Tunasema nini?

Kapita akasimama, akakung'uta suruali, akaanza upya: waya, mbao, hewa, mapadri. Safari hii mbuzi walikuwa watatu. Alipofika kwenye ncha ya sigara, Météo na Sukari Tatu walitikisa vichwa kwa huzuni. Émérance akashusha pumzi, akaanza kutafuta namba ya Tadeo ili amwambie hapana.

— Samahani, papa, alisema Chanceline. Inalia namna gani?

— Nini?

— Hiyo ampli. Sauti yake iko namna gani?

Kapita akafungua mdomo. Aliikumbuka waya, aliukumbuka wekundu wa mbao. Alikumbuka fundi akigeuza kitufe taratibu, wimbo ukaanza, na yeye papo hapo akaanza kumsimulia habari ya samaki aina ya mikeke waliojaa mtumbwini mpaka ikabidi yeye aogelee. Alikumbuka Tadeo akiweka kidole midomoni, naye akadhani masharubu yanamwasha. Wimbo ukaisha. Fundi akauweka tena. Naye Kapita akaanza habari ya kiboko.

Akamtazama Météo. Météo akatazama ziwa. Sukari Tatu akakoroga kikombe kitupu.

— Ilipigwa, alisema Kapita mwishowe. Hapo siwezi kubishana na mutu.

Émérance akaweka simu sikioni.

— Fundi, usiitoe. Tunakuja sasa hivi.

— Sisi nani? aliuliza Kapita.

— Mimi, Chanceline, na weye wa kutuonyesha njia. Lakini ukianza hadithi garini, nakushusha njiani, Minago.

— Na ufunguo?

Émérance alikuwa ameshatangulia. Gari la Magara lilibakiza nafasi za nyuma tu. Kapita akajipenyeza humo, akabana midomo kama mtu aliyebeba maji mdomoni, na dereva alipomuuliza anakwenda wapi, alionyesha kwa kidole.