Mauricette Lagarrigue, Mwenye Mchuzi Wake (1957–2019)

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wa marehemu, Régis Lagarrigue, na ndiye anayeusoma. Kabla haujachapwa, binti wa marehemu, Solène, aliupitia kwa kalamu nyekundu. Alifuta sifa zote za mgahawa wa mjomba wake, akarudisha habari moja ambayo mjomba alikuwa ameikata. "Mjomba, utasoma wewe, sikukatazi," alimwambia. "Ila ukiiruka hiyo, nasimama mimi naisoma, jeneza likiwa papo hapo." Kwa hiyo haitarukwa.

Mauricette alizaliwa tarehe 14 Februari 1957 hapa Montservan, kifungua mimba wa mzee Firmin Lagarrigue, mfuga kondoo, na mama Eugénie. Régis alizaliwa miaka minne baadaye. Mama alishinda zizini, maana kondoo wa maziwa hawana sikukuu, hivyo aliyembeba Régis mgongoni, akamwogesha na kumpangusa kamasi ni dada yake, naye mwenyewe bado anahitaji kupanguswa.

Alisoma shule ya hapa kijijini hadi Juni 1971. Mwalimu alikuja nyumbani kumwombea aendelee na masomo mjini. Baba akasema atakayeendelea ni mmoja, na huyo mmoja atakuwa wa kiume. Mauricette hakununa. Mwezi Septemba aliingia jikoni kwa bibi Hortense Vayssade, aliyekuwa na nyumba ya wageni karibu na kituo cha treni. Huko ndiko alikotunga mchuzi wake: mifupa ya kondoo iliyochemshwa siku mbili kwa divai nyekundu na uyoga wa porini, mpaka ukawa mweusi na kung'aa. Hakuwa na mizani wala daftari. Alionja, akafumba macho, akasema "bado" au "tayari". Wageni walipangusa sahani kwa mkate zikatakata, hata bibi Hortense akawa anatania kwamba atamfukuza mwosha vyombo, kwa kuwa hana tena kazi ya kufanya.

Régis akija likizo alikaa juu ya gunia la viazi akimtazama. Yote anayoyajua kuhusu mchuzi aliyajua pale. Waandishi wa habari wamemwuliza mara nyingi alijifunzia wapi, na hajapata kulitaja gunia lile.

Tarehe 9 Juni 1984 Mauricette alifunga ndoa na Yvon Caradec, dereva wa treni kutoka Bretagne. Yvon alikula kwa bibi Hortense mara moja, akarudi mara kumi na moja ndipo akathubutu kuuliza jina la mpishi. Walijaliwa mtoto mmoja, Solène, mwaka 1988. Yvon alitangulia mbele za haki mwaka 2009.

Mwaka 1991 Régis alifungua mgahawa wake Paris, akaupa jina la ukoo, akamwomba dada yake aje ashike jiko la michuzi. Mauricette akahamia huko na mume na mtoto. Asubuhi ya kwanza, mbele ya wapishi wote, Régis akamwambia, "Humu ndani mimi ni Shefu. Kwa kila mtu, hata kwako."

"Hata mimi niliyekuosha makalio?"

"Hata wewe."

Jiko zima lilicheka. Mauricette naye akacheka, akafunga aproni, akajibu kama wanavyojibu wapishi wote wa nchi hii: "Ndiyo, Shefu." Alidhani ni utani. Mdogo wake hakuwa anatania.

Mchuzi ule ndio ulioupatia mgahawa nyota ya kwanza ya wakaguzi wa migahawa mwaka 1994, ukaleta ya pili, na mwaka 2003 ukaleta ya tatu. Kwenye orodha ya vyakula uliandikwa "Mwanakondoo wa Régis Lagarrigue". Kila baada ya huduma Régis alivaa koti safi, akazunguka mezani kupokea pongezi, na mawaziri wakasimama kumpa mkono. Siku moja mama mmoja mtu mzima alimshika koti akamwuliza, "Mwanangu, huu mchuzi kaupika nani hasa?" Régis akajibu, "Ni mkono wa nyumba hii, mama." Mwenye mkono huo alikuwa nyuma ya mlango, hatua sita tu kutoka pale, akisugua sufuria yake. Hakuitwa.

Sasa ile habari iliyorudishwa.

Mwanzoni mwa Septemba 2018 Mauricette aligonga ofisini kwa mdogo wake. "Régis, nina neno." Régis alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. Jikoni hapakuwa na mtu wa kumwita Régis, kwa hiyo aliendelea kuandika mpaka dada alipojisahihisha.

"Shefu, nina neno."

"La kazi au la nyumbani?"

"La nyumbani."

"Basi Jumapili."

Jumapili Régis alikuwa ndani ya ndege akienda kupika Japani. Wala hakukumbuka.

Ijumaa ya tarehe 12 Oktoba, huduma ya mchana, minong'ono ilienea kwamba meza ya nne amekaa mkaguzi wa nyota. Mchuzi ukafika mbele ya Régis. Akaonja, akautema.

"Nani katia chumvi mara mbili?"

"Mimi, Shefu."

"Umeonja?"

"Ndiyo, Shefu."

"Umeonja kwa ulimi au kwa kisigino? Miaka sitini na moja, kibibi kizima, hujui chumvi! Toka kwenye jiko langu. Kamenye karoti."

Wapishi ishirini na mmoja walikuwepo. Walicheka, kwa sababu Shefu akitukana mtu jikoni, salama ni kucheka. Mauricette alisema, "Ndiyo, Shefu," akachukua kisu kidogo, akaenda. Alimenya karoti miezi mitano. Yule wa meza ya nne, ilikuja kujulikana, alikuwa daktari wa meno aliyekuja na mkewe.

Tarehe 14 Machi 2019 alitokwa damu puani, ikagoma kukatika. Hospitalini wakakuta uvimbe nyuma ya pua. Ndio uliomwondolea harufu na ladha tangu kiangazi kilichopita. Miezi yote ile, kabla ya kupelekwa kwenye karoti, alikuwa anapika kwa kukumbuka, akitazama mapovu na kuhesabu chumvi kwa vidole. Daktari alisema angefika Septemba wangeukata wote.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wapo walioisema methali hiyo juzi, kwenye kesha, na inawauma waliomjua marehemu. Yeye hakuficha. Alikwenda mpaka mlangoni, akagonga, akaambiwa asubiri.

Régis alimwuliza kitandani, "Dada, kwa nini hukunifokea tu?"

"Nimfokee nani? Kila nikimtafuta Régis, namkuta Shefu." Kisha akamwonea huruma, maana ndivyo alivyokuwa, akamwambia, "Acha kulia, utaniharibia supu." Supu yenyewe ilikuwa ya hospitali, na wala hakuweza kuionja.

Alifariki dunia Jumapili tarehe 3 Novemba 2019, saa nne asubuhi, Solène akiwa amemshika mkono. Régis alikuwa bado njiani.

Wapishi ishirini na mmoja wa siku ile waliitwa kwa simu, mmoja mmoja, na leo kumi na wanane wako hapa mbele. Walisikia Mauricette akitukanwa, basi na hili walisikie. Chumvi ilizidi kwa sababu alikuwa mgonjwa. Aliendelea kupika akiwa mgonjwa kwa sababu ndugu yake wa damu hakuwa na nafasi ya kumsikiliza. Yaliyosemwa siku ile yalikuwa ya aibu, na aibu hiyo ni ya Régis peke yake. Mchuzi ni wa Mauricette, tangu mwaka 1971, na kuanzia Jumanne orodha itaandikwa hivyo. Solène alipoambiwa alisema, "Umechelewa, Mjomba. Lakini andika."

Marehemu ameacha binti yake, Solène, mkwewe, Gwendal, mjukuu mmoja, Maëlys, wa miaka minne, na mdogo mmoja, aliyepewa dada akamfanya mfanyakazi.

Mauricette apumzike kwa amani, na huko aendako, akibisha hodi, afunguliwe siku hiyo hiyo.