Makosa Kumi na Moja ya Tekla

Alhamisi, tarehe 31 Oktoba 2002, saa nne asubuhi, programu ya marehemu binti yangu Tekla ilikubali kufanya kazi. Alikuwa akijifunza kompyuta kwenye duka la Mehboob, hapa Rasbura, na aliandika kwa Java, lugha ya kompyuta, orodha ya marehemu wa parokia yetu, wasomwe kwenye misa ya marehemu wote. Homa ilimchukua Agosti, kazi haijakamilika. Misa ilikuwa keshokutwa. Mehboob alinichapia makosa ya programu hiyo kwenye karatasi, nami nikaiweka kwenye benchi la Fakihi, muuza kahawa, nje ya duka.

— Chini hapa imeandikwa makosa kumi na moja, akasema Injinia, fundi baiskeli. Tugawane.

— Java umeisomea wapi wewe? akauliza Wakili, msomaji wetu wa gazeti la jana.

— Mashine ni mashine. Hapa inadai nuktamkato. Ipewe.

— Ukiipa kila inachodai, kesho itadai chai. Mimi nasema ni umeme. Ukifika huku kwetu umeshachoka.

— Acha zako! Imekutana na majina ya wazee wa Newala, ikapaliwa. Tufute huo mstari.

— Mstari wa Tekla haufutwi, nikasema.

— Tusamehe, Mzee Valentini, akasema Injinia, akaendelea kutafuna kashata yake taratibu.

Akatoka dukani Kainat, mpwa wa Mehboob, aliyesoma darasa moja na Tekla.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Kosa la kwanza linasemaje?

Tukainama kulitafuta. Karatasi yetu ilianzia kosa la tatu. Wote tukaitazama kashata ya Injinia.

— Fakihi! Umechana juu ukafungia kashata? akafoka Wakili.

— Nilijua mnasoma yale ya chini, jamani.

Kainat akakikunjua kile kipande kilichofungia kashata, akapangusa karanga.

— Mstari wa kumi na nne. Haya mengine yote yamezaliwa na hili. Hapo juu yake Tekla alifungua mabano, hakuyafunga.

Tukaingia dukani. Akanionyesha kitufe cha kufunga mabano, nikabonyeza mwenyewe, naye akaiendesha programu. Halikutokea kosa hata moja. Majina yakashuka polepole, la mwisho likiwa la mama yake Tekla. Nikamwomba Kainat aongeze jina moja chini yake.

Ee Bwana, mpokee Tekla, na mama yake, na wote waliotangulia. Wape raha isiyo na mwisho, na mwanga wako usizimike juu yao. Amina.