Mwalimu Ngendo na Baa ya Mkabala na Shule

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Leo mtanisamehe, sina utani. Tumempoteza Mwalimu Ngendo. Mwalimu Ngendo wa hapa Ruiru, aliyefundisha chekechea mpaka wanafunzi wake wa kwanza wakamletea watoto wao.

Alizaliwa Gatuanyaga, kule kwenye vumbi na mbuzi. Bintiye, Dianah, ananiambia, "Mum alikuwa anaimba vibaya, wacha tu. Lakini akianza, darasa yote inaimba."

Halafu baa ikafunguliwa. Mkabala na lango la shule. Narudia, wasikilizaji: mkabala na lango la shule. Na juu ya baa hiyo, ghorofani, kulikuwa na kanisa dogo alikoabudu Ngendo. Sheria haitaki pombe karibu na shule wala kanisa. Basi akaenda ofisi ya leseni, yeye na mchungaji wake, Pasta Maluki.

Pasta anakumbuka. "Tuliambiwa hiyo si baa, ni hoteli. Mwalimu akauliza, 'Hoteli gani haina hata chai?' Watu wakacheka. Tukaambiwa tungoje."

Walingoja. Baa ikafungwa kidogo, ikapakwa rangi, ikafunguliwa kwa jina lingine. Mwishowe mwenye jengo akapata dawa ya malalamiko: akalifukuza kanisa. Ndiyo, wapendwa. Kanisa ndilo lililohama. Baa ikabaki.

Ngendo hakuhama. Masomo yakiisha alisimama barabarani kuwavusha watoto, kwa sababu walevi walikuwa wakitoka hapo na magari mchana kweupe. Mumewe, Mzee Gachau, alimsihi. "Nilimwambia, mama Dianah, achana na hao watu, wako na pesa. Akaniuliza, 'Na watoto wako na nani?'"

Ijumaa iliyopita, gari lilirudi nyuma kwa kasi kutoka kwenye baa hiyo. Ngendo aliliona. Alimsukuma kando mtoto mmoja, Shiko, na gari likamgonga yeye. Shiko ni mzima, amechubuka magoti tu. Mwalimu Ngendo alifariki njiani akipelekwa hospitalini. Dereva alikuwa amelewa. Mchana, wasikilizaji. Watoto wakitoka shule.

Jana nilipita hapo. Nilidhani nitakuta mlango umefungwa. Nilikuta kreti za bia zikishushwa, na muziki ukisikika mpaka darasani. Watoto wamekuwa wakimuuliza Dianah mwalimu atarudi lini.

Kwako Mzee Gachau, kwako Dianah, na kwa jamaa wote kule Gatuanyaga: poleni sana. Mungu awashike mkono, maana sisi majirani hatukumshika Mwalimu alipokuwa hai.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa kwenye baa za Kamakis au hapa mjini, chupa ikiwa mezani, tazama nje. Ukiona sare za shule zikipita, jiulize umekaa wapi.