Bibi Dumu na Mwanafunzi Wake wa Mwisho

Ndugu waombolezaji, majirani mliofunga maduka na vibanda vyenu asubuhi hii, nanyi mliotoka mbali mkafika na vumbi la safari miguuni, familia inawaomba masikio yenu kwa kitambo kidogo, kwani maisha ya miaka themanini na miwili hayasimuliki yote, lakini si haki kuyafunika kwa udongo bila kuyasimulia.

Marehemu, mama yetu na bibi yetu, ambaye ufuko mzima ulimwita Bibi Dumu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 katika nyumba ya tatu kutoka ziwani, mtoto wa pili wa mvuvi na mkulima wa mihogo, na kilio chake cha kwanza, kama alivyopenda kusimulia mwenyewe, kilishindana na kelele za ndege waliokuwa wakigombea matumbo ya samaki, kikashinda.

Alianza shule mwaka 1952, akasoma hadi darasa la nne, akawa hodari wa hesabu za kichwa na wa kuimba, na angeendelea mbele kama si siku moja ya mwaka 1956, alipotumwa maji pamoja na mdogo wake wa kiume aliyemfuata kuzaliwa, yule mdogo akapanda juu ya lile jiwe jeusi mnalolijua nyote, akateleza upande wa kina, na dada mtu akabaki amesimama na ndoo mkononi, kwa sababu hakujua kuogelea, wala hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtoto wa kike anahitaji kujua.

Shule iliishia hapo, lakini kujifunza hakukuishia hapo, kwani baada ya matanga alikichukua kibuyu kikavu cha mama yake, akakifunga mgongoni kwa uzi wa nyavu, akaenda nyuma ya matete ambako hakuonekana na mtu, akanywa maji mengi kuliko ng'ombe, akatapika, akarudi tena kesho yake, mpaka siku moja akakifungua kibuyu, akaogelea hadi kwenye jiwe, akaligusa, akalia, akarudi nyumbani kupika.

Ni kibuyu hichohicho kilichomletea mume, kwa maana babu yetu, fundi wa mashua, alikuwa akipita kando ya matete kutafuta mbao, akaona vitu viwili vya mviringo vinaelea, akadhani ni vichwa vya watu wawili, na kwa kuwa alilelewa vizuri akasalimia, "Hamjambo huko?", kibuyu kikanyamaza, msichana akaitika, "Mimi sijambo, huyu mwenzangu ni bubu." Walifunga ndoa mwezi Agosti 1962, wakajaliwa watoto wanne, na hadi anafariki mwaka 2004 babu hakuacha kuuliza kila akirudi kazini, "Na yule bubu wetu, hajambo?"

Kazi yake ilikuwa kushona nyavu, na aliifanya kwa zaidi ya miaka hamsini barazani kwake, sindano ya mti mkononi, uzi umeshikwa kwa kidole gumba cha mguu, akijua kwa kupapasa tu tundu lipi limekatwa na jiwe na lipi limekatwa na uvivu wa mwenye wavu, na mvuvi aliyekuja na wavu mchafu alirudishwa ziwani na maneno ya kumtosha wiki nzima, "Mwanangu, mimi nashona, sifui."

Lakini kazi iliyompa jina haikuwa na malipo, nayo ilifanyika kila Jumamosi alasiri, pale kwenye maji ya kiunoni, alipowafundisha kuogelea watoto wote wa ufuko huu, wa kiume na wa kike, wa mvuvi na wa mwalimu, vibuyu vilipoadimika akitumia dumu la njano la lita tano lililokwisha mafuta, kamba kifuani, fundo mgongoni, na desturi yake ilikuwa moja tu, kwamba mtoto haambiwi siku yake, bibi analifungua fundo polepole huku akipiga soga, anamsukuma begani, na mtoto anafika kwenye jiwe jeusi, anageuka, ndipo anaona dumu limebaki mkononi mwa bibi. Wengi mlioketi hapa mmeligusa jiwe lile, na tangu aanze kufundisha, ufuko huu haujazika mtoto aliyechukuliwa na maji.

Mtoto mmoja tu hakuligusa, naye ni kitinda mimba wake, fundi baiskeli, anayeketi hapa mbele, ambaye ametuomba mwenyewe tuyasome haya bila kuyapaka asali. Alizaliwa mwaka 1974 na sura ya yule mjomba wake aliyezama, pua ileile, mwanya uleule, akapewa na jina lake, na mama aliyewafunga dumu watoto wa watu wote hakuweza kumfunga wa kwake, leo upepo, leo mafua, leo maji yamechafuka, leo ngoja ukue kidogo, hadi mtoto akaota ndevu. Mganga hajigangi, walisema wazee, na watoto, ambao hawana simile, wakamwita Nchi Kavu, jina likamganda kama gundi ya baiskeli, akachagua kazi isiyolowa, alipooa upande wa pili wa ziwa akaenda ukweni kwa barabara, safari ya siku nzima kuzunguka, wakati wenzake walivuka kwa mashua wakafika kabla chai haijapoa. Hakumlaumu mama yake hata siku moja, wala mama hakumwambia kitu, na ukimya huo ulikaa kati yao miaka yote kama kigoda ambacho hakuna anayekikalia.

Mwezi Februari mwaka huu, marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, madaktari wakagundua kwamba moyo umechoka, wakampa dawa na kumwambia apumzike, na binti yake mkubwa akapiga simu kutoka mjini, "Mama, njoo ukae kwangu, kuna lifti, na daktari yuko ghorofa ya chini." Akajibiwa, "Lifti itanipeleka wapi? Nina mwanafunzi mmoja hajamaliza." Familia ilidhani ni homa inayosema.

Haikuwa homa. Jumamosi iliyofuata alimwita Nchi Kavu, mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja, mwenye mvi na wajukuu, akamwambia aje na kaptula, na alipofika, mama akasema, "Wewe ndiye niliyekukosea, baba. Niliogopa ziwa lisije likakujua kama lilivyomjua yule. Nikakunyima miguu yako ya majini. Nataka kukurudishia kabla sijaondoka." Fundi baiskeli akajibu, "Mama, mimi nimeshazoea." Naye akasema, "Mimi sijazoea."

Basi ikawa sinema ya ufuko mzima, kiti cha plastiki kimewekwa kwenye maji ya kifundoni, Bibi Dumu amekikalia na kamba mkononi, na mwanawe amefungwa dumu la lita ishirini, maana lile la lita tano lilizama naye, huku watoto kando wakipiga kelele, "Jamani, Nchi Kavu imenyeshewa!", na mama akiwakemea na kucheka wakati uleule, kisha akimgeukia mwanawe, "Maji hayakabwi shingo, baba, maji hulaliwa, legeza bega." Lakini bega halikulegea, kwani hofu iliyolelewa miaka hamsini haitoki kwa Jumamosi mbili, na kadiri wiki zilivyopita mwanafunzi alisogea mbele kidogo huku mwalimu akirudi nyuma, kiti kikatoka majini kikaja mchangani, kikatoka mchangani kikaja barazani, kamba ikashikwa na jirani muuza mkaa, aliyekuwa mwanafunzi wa kwanza kabisa wa marehemu, na maagizo yakatoka barazani kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo. Hakuna aliyelisema, lakini kila mtu alijua ni mashindano kati ya bega la mtoto na moyo wa mama.

Tarehe 25 Oktoba, Jumamosi, aliomba abebwe na kiti chake hadi majini, wavuvi wanne wakambeba, akampigia mwanawe soga juu ya bei ya nyavu na juu ya babu na yule bubu wake, na huku akisema, vidole vyake vilivyokuwa vimekakamaa vikawa vinahangaika na fundo mgongoni. Kila mtoto wa ufuko huu ameondoka bila kujua, lakini vidole vya mwaka huu vilitetemeka mno, fundo lilichelewa, na Nchi Kavu akalijua. Alijua fundo linafunguka, alijua dumu linaachia, na hakugeuka, akaitikia soga hadi mwisho, "Enhe, mama, halafu?", hadi akasikia kiganja begani, chepesi kama jani. Akaenda. Alipoligusa jiwe jeusi akageuka kama anayeshangaa, ili asimnyime mama yake furaha ya kumshangaza, akamwona ameketi kwenye kiti, amelipakata lile dumu kubwa kama mtu aliyepakata mtoto.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, kitandani mwake, dirisha likiwa wazi upande wa ziwa kama alivyotaka. Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, hata alipowauliza kama wanajua kuogelea na kuwaambia waje Jumamosi, inawashukuru majirani waliopika, waliofagia na waliokesha nasi, muuza mkaa aliyeishika kamba, wavuvi wanne waliobeba kile kiti na ambao leo watalibeba jeneza, na washona nyavu wenzake, walioweka sindano yake ya mti ndani ya jeneza na kumwachia uzi wa kutosha.

Lile dumu la njano la lita tano halitazikwa, linaning'inia mlangoni pale lilipokuwa siku zote, na fundi baiskeli ametutuma tuwaambie wazazi kwamba Jumamosi hii, alasiri, mje na watoto wenu kama kawaida, yeye atakuwa majini.

Pumzika kwa amani, Bibi Dumu, legeza bega, kamba tumeishika.