Mama Tufe, Aliyejua Joto la Kuta

Marehemu, ambaye karibu sote hapa tulimwita Mama Tufe, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa pili wa mwoka mikate na mkewe. Nyumba yao iliegemea tanuri, ukuta mmoja kwa vyote viwili. Siku moja, akiwa bado mdogo wa kupita chini ya meza bila kuinama, alimuuliza baba yake mbona mbele ya tanuri uso unamuungua na mlango wa nje uko wazi, upepo unaingia. Baba alimvuta nyuma ya gunia la unga.

"Sasa je?"

"Sasa hauniunguzi."

"Basi. Moto ulikuwa unakuona. Sasa haukuoni."

Alipenda kusema kwamba chuo kilimpa namba tu. Habari yenyewe alikwenda nayo.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1966, na mwaka 1971 akaanza masomo ya uhandisi, msichana peke yake katika darasa lake. Sekondari alijulikana kwa kuhamahama madawati. Mwalimu wa hisabati alipomfokea, "Wewe mtoto, una siafu kitini?" alijibu kwa adabu kwamba siafu hana, ila ukuta wa upande wa jua humchoma mgongo kila mchana. Mwalimu aliugusa ukuta, kisha akasogeza meza yake mwenyewe.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika ofisi ya majengo ya umma, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 2011. Kazi yake ilikuwa kukokotoa kama watu watakaa vizuri ndani ya chumba. Wenzake walipima hewa wakamaliza. Yeye alisema hewa ni nusu ya habari, kwa sababu kila ukuta, dari na sakafu humrushia mtu joto lake, au hupokea la kwake, na kila kimoja huhesabiwa kwa nafasi kinayochukua mbele ya mwili wake. Kwa hiyo alitembea na tufe la shaba lenye ukubwa wa chungwa, tupu ndani, limepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na kipimajoto kimechomekwa katikati. Alilitundika kwa uzi katikati ya chumba, akalisubiri lihisi kuta kama mtu anavyozihisi. Jina la Mama Tufe lilianzia hapo, kabla hajawa mama wa mtu yeyote.

Mumewe, fundi wa suti, alikutana naye marehemu alipokwenda kushonesha suruali ya kupandia mapaa. Fundi alidhani mteja anamtazama yeye. Kumbe anatazama ukuta.

"Kaka, meza yako ya pasi imekaa pabaya. Bati la ule ukuta linakupika."

"Dada, umekuja kushona au kunihamisha?"

Meza ilihama wiki ileile. Mwenye meza naye hakukawia. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978. Tangu hapo walibishana kwa raha. Fundi akisema, "Joto ni joto, mke wangu," yeye humjibu, "Hilo ni la utabiri wa redioni. La kwako limetoka wapi?" Fundi hakuwahi kujifunza hesabu zile. Akisikia tu maneno "eneo la dari", usingizi ulimchukua.

Lakini kisa kimoja alikishika. Mwaka 1979 marehemu alipima wodi ya wazazi iliyokuwa ikilalamikiwa, akaandika kwamba haina tatizo. Miezi michache baadaye alilazwa humo mwenyewe kumzaa binti yao wa kwanza. Fundi alipoingia kumwona alimkuta amekodolea macho dari la bati, jasho linamtiririka.

"Baba, nimewahesabu waliosimama!"

"Nani kasimama, mke wangu? Nimwite muuguzi?"

"Humu hasimami mtu! Mtu akilala, dari lote linamwona!"

Fundi alimwita muuguzi kweli. Marehemu aliporudi kazini alikokotoa upya, mwili ukiwa umelala, na wodi ikawekewa dari la mbao chini ya bati. Kila kijana aliyeanza kazi katika ofisi ile alisimuliwa kosa hilo na yeye mwenyewe, akicheka hadi kufuta machozi.

Mwezi Februari mwaka 2023 alipatwa na kiharusi kilichomwachia mkono mmoja na kumnyang'anya maneno. Alirudishwa nyumbani, kitanda kikawekwa chumba cha mbele kando ya dirisha, mahali pekee kilipoenea. Kila alasiri aligugumia na kugeuza uso. Walimpepea, wakafungua dirisha zaidi, akagugumia zaidi. Muuguzi wa kuzuru nyumba alipima chumba akasema kiko sawa. Fundi hakuomba mengine: alitaka tu kujua mkewe anasumbuliwa na nini, na aliyeweza kumweleza ndiye aliyelala pale bila sauti.

Alilitoa tufe kabatini, akalitundika katikati ya chumba. Kipimajoto chake hakikuonyesha ajabu. Akalitazama, akamtazama mkewe, kisha akamwambia binti yao, "Msaidie mama yako akae kwenye kiti." Akavua viatu, akapanda kitandani, akalaza kichwa kwenye mto uleule.

"Baba, unafanya nini?"

"Nimemhesabu aliyesimama."

Ukisimama pale, dirisha lilikuonyesha barabara na anga. Ukilala, lilijaa uzio wa jirani tu, mabati meusi yaliyoshinda juani, na shavu lilipokea moto kama mbele ya tanuri. Dirisha walilozidi kulifungua ndilo lililozidi kumchoma.

Fundi alishona pazia la turubai jeupe, akalitundika nje ya dirisha, mbali kidogo na ukuta ili upepo upite. Alasiri iliyofuata marehemu alilitazama kwa muda mrefu. Akainua mkono wake mzima, akapiga ukingo wa kitanda mara mbili, kama alivyozoea kuwapigia meza vijana wa ofisini waliopata hesabu. Akalala usingizi.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Novemba 2023, alasiri, uso umetulia.

Ameacha mume, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu, kaka yake mkubwa anayeendesha tanuri la baba yao hadi leo, na wahandisi wengi wanaolala chini kabla ya kutia saini.

Pazia mnaloliona juu ya jeneza ndilo lile. Angekuwepo, angeuliza lina kazi gani huko chini ambako jua halifiki. Fundi amesema hana hesabu ya hilo. Amependa tu limfunike.

Lala, Mama Tufe. Pumzika kwa amani, kivulini.